Kitabu cha Gramu Mia Mbili na Kumi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mizani ya malori ninayoisimamia Changamwe ilizimika. Skrini ilionyesha tani arubaini na moja, ikaonyesha sifuri, kisha ikawa nyeusi. Fundi alisema kwa simu kwamba atafika baada ya saa mbili. Malori yakajipanga hadi nje ya lango, madereva wakashuka kutafuta chai, nami, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi ile, sikuwa na kitu cha kupima.

Nilitaka mizani yangu ikizimika tena niujue ugonjwa wake kabla fundi hajaja kunieleza anavyotaka yeye. Nikafungua simu, nikatafuta kitabu kinachoeleza jinsi mizani mikubwa inavyofanya kazi. Kitabu kilikuwepo, katika duka la mtandaoni linalouza vitabu vilivyokwisha kusomwa na watu wengine. Nilitia kitabu hicho kikapuni. Nilipaswa kuishia hapo, lakini foleni ilikuwa ndefu na fundi alikuwa mbali, nikaendelea kutazama.

Shule niliiacha kidato cha pili. Tangu hapo nimejisomea mwenyewe, na kwa utaratibu: mwaka mmoja, somo moja. Nilikuwa na mwaka wa hesabu, mwaka wa umeme, na miaka miwili ya historia kwa kuwa mmoja haukutosha. Duka lile halikuwa na utaratibu huo. Mwenye duka alivipanga vitabu kwa siku vilipomfikia, basi. Historia ya chumvi ilikaa ubavuni mwa utunzaji wa figo. Sheria za wapangaji zilifuatwa na ufugaji wa nyuki, nyuki wakafuatwa na pweza, pweza na namna ya kusoma mawingu. Hakuna hadithi hata moja. Vyote vilikuwa vitabu vya mambo yaliyopo duniani. Mwanzo mchanganyiko ule uliniudhi. Baada ya robo saa nilijigundua nimesoma maelezo ya vitabu sitini na viwili, na kwamba kwa miaka yote ile sikuwahi kujiuliza daraja husimamaje.

Pembeni mwa kila kitabu paliandikwa uzito wake, kwa kuwa nauli ya kukisafirisha hadi Mombasa ilikwenda kwa kilo, na kilo iliyoanza ilihesabiwa kuwa imetimia. Kitabu changu cha mizani kilikuwa gramu elfu moja mia moja na thelathini. Maana yake nilipe nauli ya kilo mbili, na gramu mia nane na sabini zije tupu. Nimekaa kwenye mizani muda mrefu. Lori linaloondoka na nafasi linanikosesha raha. Nikaongeza kitabu cha madaraja, gramu mia tatu na themanini. Nikaongeza cha uchoraji wa ramani, mia mbili sabini na tano. Zikabaki gramu mia mbili na kumi na tano. Nilipekua vitabu vyembamba kimoja kimoja mpaka nikapata cha gramu mia mbili na kumi. Kilihusu hamira. Nikakichukua.

Kabla ya kulipa nilimwandikia mwenye duka kuuliza kama karatasi ya kufungia inahesabiwa katika uzito. Akajibu mara moja.

"Buda, unanunua vitabu ama nyama?"

"Vitabu," nikaandika. "Nyama hupimwa pamoja na mfupa. Ndiyo maana nauliza."

"Karatasi ni yangu. Lipa tu."

Nikalipa, fundi akaja akaiwasha mizani, na kifurushi kikafika kwa basi Jumamosi. Nilikibeba hadi nyumbani Mishomoroni, nikakifungua juu ya meza, na mke wangu akakaa kuvitazama. Yeye huchukua kitabu kama achukuavyo samaki sokoni: hukigeuza, hukinusa, hukirudisha. Alipofika kwenye kile chembamba, chenye picha ya kopo la hamira, hakukirudisha.

"Umeninunulia kitabu cha hamira?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningekuwa nimepata thawabu ya bure.

"Nilikichukua kwa ajili ya uzito," nikasema. "Palibaki gramu mia mbili na kumi na tano."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Wallahi, nina wiki tatu nalia na mikate isiyoumuka ndani ya nyumba hii, mume wangu ananunua kitabu cha hamira, na bado hakunikumbuka!"

Hapo lazima nieleze kilio chenyewe. Mke wangu hupika mikate ya sinia na kuiuza: mchele uliorowekwa, ukasagwa na tui la nazi, sukari na iliki, ukatiwa hamira uumuke, kisha ukaokwa katika vyombo vya duara. Kwa mikate miwili mitatu ya majirani hakuna anayemshinda mtaa wetu. Mwaka huo alinunua jiko lenye oveni inayoingia mikate minne kwa mara moja, akaanza kupokea oda za shughuli. Oda kubwa ya kwanza ilikuwa mikate ishirini na mitano. Kumi na sita ya mwanzo ilitoka minene, yenye vijitundu kama inavyotakiwa. Tisa ya mwisho ilitoka bapa, na michachu. Mwenye shughuli alichukua kumi na sita akairudisha tisa, na maneno juu yake.

Mke wangu aliulaumu mchele. Kisha akailaumu nazi. Kisha, kwa sauti ya chini, akamlaumu jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye siku ile aliingia jikoni, akatazama beseni la rojo lililojaa, akasema "Loo, jingi hilo!" bila kutaja mashallah ya kukinga jicho la husuda. Mimi nilifanya majaribio matano, kila mara nikibadilisha kitu kimoja tu: mchele, nazi, maji, kopo la hamira, rafu ya oveni. Kila jaribio mikate miwili. Yote kumi ilitoka vizuri na tukaila, na sikujua lolote zaidi ya nilivyojua mwanzo, ila nilinenepa.

Jumatatu iliyofuata simu yake ililia. Alikuwa bibi mmoja wa Jomvu Kuu, mjukuu wake anaolewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia wapika mikate ya sinia."

"Abee, bibi. Napika."

"Nataka thelathini na minane, Jumamosi ya wiki ijayo. Na nimesikia pia ile tisa ilivyokuwa. Basi mimi sitaki kusikia, nataka kuona."

Mke wangu alikubali, akakata simu. Kisha akaniambia hivi: ikiwa hata mmoja utarudi kutoka Jomvu Kuu, ataliuza jiko na kurudi kwenye mikate miwili ya majirani. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja tarehe. Jiko lile alikuwa ameliwekea akiba miaka mitatu, na nilimjua vya kutosha kutojaribu kumbembeleza.

Jioni hiyo, baada ya swala ya alasiri, yeye akichagua mchele, mimi nilimsomea kitabu. Kilikuwa cha Kiingereza. Nilikuwa nikisoma na kutafsiri papo hapo. Sura ya kwanza na ya pili hazikutufaa. Katika ya tatu mwandishi alieleza kwamba hamira ni kitu hai, na kwamba haijui kungoja. Ikishatiwa hula sukari na kutoa pumzi. Rojo hupanda hadi kilele, na lisipookwa hapo huendelea kula mpaka pumzi inapotea, rojo linanywea na kuwa chachu. Joto likizidi, yote haya huja upesi zaidi.

Mke wangu aliuacha mchele. "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Oveni yaingia minne," akasema polepole. "Mimi nilitia hamira beseni zima saa moja. Minne ya kwanza ikaingia. Ile ya mwisho iliingia saa ngapi?"

Nikapiga hesabu. "Saa tatu baadaye."

"Basi ilichoka kungoja! Si mchele, si nazi." Akashika kichwa. "Na yule mwanamke wa watu nimemnunia wiki tatu."

Hiyo ndiyo sababu majaribio yangu hayakuonyesha kitu. Mikate miwili haina foleni. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu isipokuwa idadi.

Nikapendekeza tupunguze hamira kwa robo, rojo lote lipande taratibu.

"Halafu ile ya kwanza ndiyo ilale?" akasema. "Hapana. Mchele nitasaga wote pamoja, lakini hamira sitii kwa pamoja. Nitagawa mabakuli kumi. Kila bakuli na wakati wake."

Aliposema hivyo nilielewa mara moja, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyoita malori mizanini: lisipotoka lililo ndani, la nyuma halianzi safari. Nilichukua karatasi na rula. Bakuli moja mikate minne. Kuumuka dakika hamsini. Kuoka na kubadilisha vyombo dakika thelathini. Bakuli la kwanza litiwe hamira saa kumi na moja na robo alfajiri, liingie oveni saa kumi na mbili na dakika tano, na mengine yafuate kila nusu saa. La kumi lingetoka saa tano na dakika tano, na gari la Jomvu Kuu lilikuwa lifike saa sita. Mikate arubaini: thelathini na minane ya bibi, miwili ya ziada.

Jumamosi tuliamka, tukaswali, tukaanza. Mimi nilisimama mlangoni na karatasi na simu.

"Bakuli la pili, hamira, sasa."

"Nimesikia."

"Zimepita sekunde ishirini."

"Usinipigie honi, baba. Mimi si lori."

Mikate minne ya kwanza ilitoka mizuri, lakini hiyo haikuwa habari; ya kwanza siku zote ilikuwa mizuri. Saa moja na nusu jirani akaja. Mke wangu alikuwa amemwita mwenyewe kusaidia kukunja maboksi, bila kumweleza kwa nini amekuwa mwema ghafla. Alisimama mbele ya mabakuli yaliyopangwa na namba zangu juu yake.

"Mbona rojo mmelipanga kama wagonjwa wa kliniki?" akauliza. Kisha akainua sauti mpaka wapita njia wakasikia: "Mashallah! Mashallah! Mashallah! Leo nimesema mara tatu, asije mtu akaninunia."

Mke wangu alikosa pa kuweka uso. Halafu wote wawili wakaangua kicheko, na kazi ikaendelea.

Bakuli la saba lilituletea mashaka. Saa tatu kasorobo, dakika ishirini kabla ya zamu yake, lilikuwa limeshapanda karibu na ukingo. Mke wangu alilitazama, akagusa ukuta, akatazama dirisha lililoingiza jua. Jiko lilikuwa limewaka saa mbili na nusu mfululizo na jikoni palikuwa kama ndani ya tanuri. Akalichukua akalishusha kwenye sakafu ya ukumbini, penye baridi ya simenti, akalifuatisha na la nane mara tu baada ya kulitia hamira. Ilipofika saa tatu na robo nilitangaza:

"Bakuli la tisa, hamira, sasa."

"Bado."

"Karatasi inasema sasa."

"Karatasi yako haitoki jasho," akasema. "Mimi natoka. Humu ndani hamira yakimbia. Nitaitia dakika kumi baadaye."

Nilimwonyesha mstari wenyewe. Hakuutazama. Aliitia saa tatu na dakika ishirini na tano, na rojo lile lilifika kilele dakika arubaini baadaye, wakati hasa oveni ilipokuwa ikitoa mikate ya bakuli la nane. Nikasahihisha karatasi kwa kalamu nyekundu. Bakuli la kumi alilipangia mwenyewe, bila kuniuliza.

Saa tano na dakika saba mikate minne ya mwisho ilitoka. Kwa juu ilikuwa minene, rangi ya kahawia nyepesi. Lakini kwa juu hata ile tisa ilidanganya kwa dakika chache kabla ya kunywea. Mke wangu alikwenda kunawa uso. Jirani alikuwa nje akipanga maboksi. Mimi niliitazama ile minne, na sikuweza kuvumilia kutojua. Nikachukua kisu, nikaukata mmoja katikati. Ndani ulikuwa na vijitundu vilivyosimama wima, vya ukubwa sawa, kutoka chini mpaka juu. Nikaonja. Hapakuwa na uchachu hata kidogo.

"Umekata?" Alikuwa amesimama nyuma yangu, maji yakimchirizika kidevuni.

"Nilikuwa nahakikisha. Tazama ndani."

Akatazama ndani kwa muda mrefu, akaubonyeza kwa kidole, ukainuka tena. Uso wake ulilegea. Lakini hakuninyima haki yangu.

"Miwili ya ziada ilikuwa na wenyewe," akasema. "Mmoja wa huyu jirani, kwa kule kununiwa. Wa pili nimeshamuuzia mwenye duka hapo kona, na pesa alinipa jana. Wewe umekata wa mwenye duka."

Gari lilikuja saa sita kamili likachukua thelathini na minane. Saa tisa bibi wa Jomvu Kuu akapiga simu. Alisema wageni wameila yote na hakuna uliorudi. Kisha akauliza kama mke wangu yuko huru mwezi ujao, mjukuu mwingine ana shughuli. Mke wangu alijibu "Abee, inshallah", akakata simu, akachukua kitambaa akaanza kulifuta jiko, mlango wa oveni na pembe zake zote, jambo ambalo mtu hafanyi kwa kitu anachokusudia kukiuza.

Alipomaliza alininyooshea kiganja. Mwenye duka alikuwa arudishiwe pesa zake kabla ya magharibi. Hasara yote ya siku ile ilikuwa shilingi mia mbili na hamsini, na niliilipa mimi.