Nimemupa Furaha Kiti Kama Muzee

Binti yangu Furaha amepata nafasi ya kuigiza muzee kwenye teatre ya masomo!

Jambo, marafiki.

Mwalimu wao alisema nafasi hiyo ni ya mwanafunzi ambaye mama yake mwenyewe hatamutambua. Mimi sikuambiwa.

Leo kwenye meza yangu ya kuuzisha maharagi, hapa soko ya Birere, muzee mumoja akakuja na fimbo, anakohoa.

Nikasimama, nikamupa kiti changu kwa mikono mbili.

“Ikala, papa. Pole na safari.”

“Aksanti, mutoto wangu. Uko na binti wa kukusaidia?”

“Niko naye. Muzuri, akili mingi! Lakini kila sufuria anaiunguza.”

“Sufuria gani, mama?”

Ile sauti! Kumbe ni Furaha!

Mwalimu akatoka nyuma ya magunia, anapiga makofi.

Semeni ukweli, Goma hii muliona mwingine kama yeye?

Jumamosi mukuje wote kumuona kwenye teatre.