Mulinzi wa Njuga za Kambo

Ninyi munaosoma, kama muna mawe mukononi, tupeni tu. Sitakimbia. Kosa ni langu. Nililifanya muchana, jua kichwani, nikiwa na akili zangu zote na karavati shingoni.

Jina langu sisemi. Kwetu ukitaja jina la muntu saa nne, saa sita shangazi yake wa kule Bendera ameshasikia. Jueni tu kwamba ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru, muji wetu ungali unaitwa Albertville, na mimi nilikuwa karani ku biro ya gari la moshi. Karani! Mukubwa kwelikweli. Nilikuwa na muhuri wangu na kalamu mbili mufukoni, moja haina wino.

Nilikuwa pia na mudogo wangu, Mado. Baba na mama walikufa tungali wadogo, akatulea Kambo, mama ya mama yetu, Muholoholo wa kandokando ya ziwa. Mado alikuwa anaimba na kucheza. Si kuimba kwa kanisani, hapana. Kuimba kwa baa, Jumapili muchana, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Alifunga njuga za Kambo miguuni, mdomo ukiimba, miguu inajibu.

Na mimi, bwana mukubwa, nikipita pale na baiskeli niligeuza uso. Wenzangu wa biro waliniuliza, "Karani, yule si dada yako?" Nilijibu, "Hapana, ni mutoto wa jirani."

Wa jirani! Tulilala mukeka mumoja miaka kumi.

Zile njuga zilikuwa za chuma, kumi na mbili. Baba ya Kambo alikuwa mufua vyuma, alimufulia yeye alipokuwa musichana. Kambo alicheza nazo kwa arusi na kwa matanga, kila kijiji cha ziwani walimujua. Uzee ulipomushika na macho yakafunga, alimupa Mado, akamwambia mbele yangu: "Siku yangu ikifika, utanisindikiza nazo. Nikizisikia nitajua njia." Muntu mwenye akili angesikia uzito wa maneno yale. Mimi nilikuwa nasafisha viatu.

Basi habari ikaja. Kulikuwa na mufanyabiashara wa Kigoma aliyekuwa anavuka ziwa kila mwezi. Alimusikia Mado, akapeleka sifa zake hadi Nairobi kwa watu wa kutengeneza diski. Barua ikarudi: huyo dada aje. Na si wimbo mumoja ao mbili! Diski kubwa, nyimbo kumi, foto yake juu ya jalada.

Muji wote ukafurahi. Mimi nikaona aibu tu. Jina letu lizunguke kwa mabaa, na shefu wangu wa biro alisikie? Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo, munielewe. (Sikupandishwa. Aksanti kwa kuuliza.)

Sasa kwetu, dada akisafiri, kaka njo anayebeba valizi yake mpaka ku bandari. Hata kama mumegombana, utaibeba. Nikaibeba. Mado alikuwa nyuma anaagana na wamama. Nilipofika nyuma ya madepo ya mizigo nikaifungua, nikatoa njuga, zilikuwa zimefungwa ndani ya kitenge cha Kambo.

Sikilizeni hekima ya karani: bila njuga hatacheza, bila kucheza hataimba, wale wa Nairobi watamurudisha, ataolewa na mwalimu, tutakula kuku Jumapili. Nikazirusha majini. Zililia mara moja tu, zikaenda. Kitenge nikakikunja vizuri, nikakirudisha nyumbani kwa Kambo, sababu mimi si muntu wa kuharibu vitu vya watu!

Bato, meli ile ya Kigoma, ikaondoka. Mado akanipungia mukono mpaka sikumuona tena. Na mimi nikamupungia. Mukono uleule.

Wiki iliyofuata, barua ya Kigoma. "Yaya," njo vile alivyokuwa ananiita, mimi mukubwa wake, "nimejilaani. Nimesahau njuga za Kambo! Ningeapa kwamba niliziweka. Bato nyingine ni wiki ijayo na treni yangu ni kesho. Nakuomba, zitafute, unitunzie, Kambo asijue."

Alijilaumu yeye. Sikieni vizuri: yeye!

Ningeweza kuandika ukweli pale pale. Karatasi ya biro ilikuwepo, kalamu yenye wino ilikuwepo. Nikaandika kwa anwani ya Nairobi: "Usiogope, mudogo wangu. Nimeziona. Ziko salama kwangu." Salama kabisa. Samaki walikuwa wanazilinda.

Wanasema njia ya muongo ni fupi. Yangu ilifika Nairobi na kurudi.

Kumbe Mado hakulia kwa muda murefu. Aliokota vifuniko vya chupa ku baa moja karibu na gare ya treni ya Kigoma, akavitoboa na musumari, akavitunga na kamba ya wavuvi, akafunga miguuni. Kule Nairobi wenye diski wakasikia ule mulio, cha! cha! cha!, mukavu, wa kiburi, haujasikiwa popote. Wakamwambia, "Dada, sogeza miguu karibu na mikro."

Ole wangu, ile diski! Ilifika kwetu kabla ya mwenyewe. Ukienda kunyoa, iko. Ukienda bandarini, iko. Ukifunga dirisha, jirani anafungua lake. Wasichana wote wakajifunga vifuniko miguuni, hata chini hukuona tena kimoja, barabara zikawa safi kuliko wakati wa Wabelgiji. Nyumbani kwangu mimi mwenyewe, watoto wangu watano wote miguu inalia, na mama yao anapika ugali anatingisha mabega. Nilikuwa nimetupa njuga kumi na mbili, sasa nilikuwa na vifuniko mia ndani ya nyumba!

Siku moja shefu akaniita. Yule yule niliyemuogopa. Nikajisemea, leo njo mwisho. Akafungua kabati, akatoa diski ya Mado. "Karani, huyu ni dada yako, na ulinificha? Akirudi, umuombe aandike jina langu hapa."

Kisha akageuza jalada akasoma kwa sauti maneno madogo ya nyuma: "Aksanti kwa Yaya yangu, mulinzi wa njuga za Kambo."

Biro nzima wakapiga makofi. Nikainama kidogo, kama muntu munyenyekevu. Nilitamani sakafu inimeze, lakini ilikuwa saruji nzuri ya Wabelgiji.

Mado akarudi. Alishuka bato na gauni ya njano, watu wakamubeba mabegani, yeye anapiga kelele, "Yaya yangu yuko wapi? Niwekeni chini, nimuone Yaya!" Akanikumbatia mbele ya wote. Ananukia sabuni ya mbali. Nilitaka kumwambia. Mdomo ukasema, "Umenenepa."

Tukaenda moja kwa moja kwa Kambo. Alikuwa amelegea sana wakati ule, analala ku mukeka kivulini mwa nyumba. Fono ikawekwa karibu na kichwa chake, lupango, uwanja wote wa nyumba, ikajaa watu. Diski ikaanza. Watu wote wakacheza, hata mimi, karani, niliinua muguu.

Kambo peke yake hakutikisika. Aliinamisha sikio. Wimbo wa kwanza, wa pili. Kisha akainua mukono.

"Zimisheni. Sauti ni ya mutoto wangu. Miguu si ya njuga zangu."

Mado akacheka, akapiga magoti. "Ni vifuniko vya chupa, Kambo. Unisamehe, njuga nilizisahau hapa. Lakini Yaya alizitunza. Nimemuandika hata juu ya diski! Yaya, tuletee!"

Nikaingia ndani. Munajua nilifanya nini? Nilitafuta! Haki ya Mungu, nilifungua malle, lile sanduku kubwa, nikainua nguo, nikatazama chini ya kitanda, natafuta kitu nilichokitupa mwenyewe ziwani. Nje wanaimba, "Yaya, leta! Yaya, leta!" Nikatoka na kile kitenge, nimekikunja vizuri.

Kambo akakipapasa. Akakipapasa tena, pole pole, pembe kwa pembe.

"Ziko wapi?"

Niliwaza panya. Niliwaza mwizi, na askari walikuwa wengi miaka ile, ungesema askari kila muntu angeamini. Lakini yale macho yasiyoona yalikuwa yananiona.

"Ziwani, Kambo. Nilizitupa mimi, siku ya bato."

Mado alicheka tena, alidhani namutania. Akanitazama. Kicheko kikakatika. Akachukua jalada la diski, akauweka ukucha chini ya ule mustari wangu, akausoma pole pole kama barua ya muntu mugeni.

Kambo hakunilaani. Heri angenilaani! Alisema tu, "Basi nitapapasa njia." Akageukia ukuta.

Hakumaliza mwezi. Siku ya matanga Mado alimuchezea na vifuniko vya chupa, alicheza mpaka miguu ikatoka damu, na wageni wakasema hawajaona kusindikizwa kuzuri namna ile. Mimi nilikuwa nasikiliza kile kilichokosekana. Wanasema majuto ni mujukuu. Mujukuu mwenyewe alikuwa amekaa pale na karavati.

Nilipomuendea Mado kumupa pole, alinipa mukono. "Aksanti, Bwana."

Bwana. Si Yaya. Mpaka leo ni Bwana.

Ile diski iliisha madukani, wakaitengeneza tena, ikaja mpya. Nikaenda kununua, mimi wa kwanza ku mulango. Sikutazama foto, niligeuza nyuma. Mustari wangu haupo. Mahali pake wamechora kifuniko kimoja cha chupa, kidogo hivi.

Haki yake! Kile kifuniko kilimusaidia kuliko mimi.

Sasa ninyi wenye karavati, wenye kuonea ndugu haya, sina mahubiri. Dada yako akifunga safari, akikupa valizi yake, mubebee mpaka ku bato. Usiifungue.