Sauti ya Jini Mwenye Pembe

Harufu ya vumbi linalopata moto nyuma ya televisheni hunirudisha Mtoni, kwenye kibanda cha gemu. Gemu ilikuwa ya Kijapani, maandishi hatuyajui, hivyo mie ndiye niliyewasemea wahusika. Binti mfalme mwenye nywele za buluu nilimpa sauti nzito ya mama yangu.

"Mrembo kachorwa vile, we unampa sauti ya chura? Toka!" Braza mwenye kibanda akanizaba kibao mbele ya wenzangu.

Bila mie gemu ikapooza, watoto wakahama, akaja kuniita mwenyewe. Nikamwamkia vizuri tu. Safari hii nikamsemea jini mwenye pembe, kwa sauti ya puani, ileile ya braza. Watoto walicheka mpaka akachomoa waya.

Siku hizi kazi yangu ni kuingiza sauti kwenye katuni. Majini wangu wote wanaongea puani.