Nguzo Iliyofaulu Pamoja Nami

Kinyozi wetu wa Katuba aliniambia kwamba nguzo za zamani za simu bado zinafanya kazi. Waya ziliibwa zamani, akasema, lakini mti umeshazoea: ukiweka mdomo pale na kumwita mama yako, atakusikia hata akiwa Kamina. Nilisadiki mzimamzima. Nilikuwa mtu mwenye ndevu, mwanafunzi wa kozi za jioni, bingwa wa kuchelewa katika Katanga yote.

Wakati ule simu yangu ilikuwa imetumbukia kisimani. Nilikuwa nimeazima mara moja ya mama anayeuza mikate na inite za kupigia simu chini ya nguzo ya barabara yetu, nikampigia jirani ya mama yangu kumwarifu msiba huo. Kisha hesabu zikanipiga hadi nikasahau tarehe ya kuzaliwa. Nikaikumbatia nguzo kama shemeji aliyetoka safari, nikasema kwa sauti ya kufika Kasungami:

"Mama, ni miye. Hesabu imenishinda. Mwisho wa mwezi naacha."

Muuza mikate akageuza mikate yake mafutani.

"Muzee, unasema na nani?"

"Na mama yangu."

"Umusalimie."

Wiki iliyofuata msafiri alishuka treni ya Kamina na mfuko wa unga wa muhogo.

"Mama yako anasema hesabu ilimushinda hata yeye," akaniambia. "Njo maana alikutuma weye. Asisikie tena habari ya kuacha."

Jioni ileile nilikuwa darasani, benchi la mbele. Tangu hapo kila jambo gumu nililipeleka kwa nguzo, na treni ikaniletea jibu, mara na samaki mkavu juu yake. Bila majibu yale, leo nisingeandika hata mstari huu.

Diploma ya serikali ilipotoka, nilinunua poda. Kwetu aliyefaulu humwagiwa poda kichwani, na nguzo nayo ilikuwa imefaulu. Nikaimwagia kopo zima. Nusu ikatua juu ya mikate.

Yule mama akaipangusa polepole, bila hasira.

"Weye mwenye diplome, hiyo poda ungeleta huku. Poto, hiyo nguzo yako, haisikiaka kitu. Ni miye njo nilikuwa nasikia, kisha naita jirani ya mama yako. Namba yake ilibakia mu telefone yangu."