Koti la Mume wa Bibi

Kila wanapofungua belo la mitumba mbele yangu, ile harufu ya dawa na vumbi hunirudisha barazani kwetu Bigwa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaumwa saratani. Bibi alikuwa ameteremka kutoka mlimani, akapita sokoni kumnunulia koti zito la mtumba, la mtu mzima, maana siku zile alihisi baridi hata juani.

Mama alikuwa ametoka kuongea na daktari.

"Kuna dawa mpya, bado wanaijaribu," alimwambia baba. "Hawaahidi kwamba itamponya. Tukikataa, watampa ya kutuliza maumivu tu."

Baba alimtazama mdogo wangu.

"Mbona mwenyewe hamumuulizi?" Bibi akasema. Kwa ule utani wa bibi na mjukuu wake, akamgeukia. "Eti mume wangu, unasemaje?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikunja mikono ya koti, akakohoa kidogo kama baba.

"Nimechoka na sindano. Nipeni hiyo ya maumivu, nikakae mlimani kwa mke wangu."

Hakuna aliyembishia. Kesho yake Bibi alimbeba mgongoni, koti likiwafunika wote wawili, wakapanda mlima huku wakigombana nani atapika.

Msibani, mama mmoja mgeni alimkuta Bibi mkekani, koti mapajani, akamuuliza kwa upole marehemu alikuwa nani wake.

"Mume wangu," alijibu Bibi, akaisogeza kola ya koti puani.