Kupima kwa Kata

Mwamina wa Ruponda hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na ndiyo maana kijiji kizima kilishangaa aliposhika kazi ya kupima ulevi wa vijana. Alikuwa mkulima wa ufuta, mama wa watoto waliokwisha kuoa na kuolewa. Kazi aliipata kwa kuwa alizungumza Kimwera na Kimakua bila kukwama, na wataalamu waliotoka Dar walitaka mtu ambaye wazazi wangemkaribisha ndani.

Mumewe, Habibu, hakupendezwa. "Mke wangu hukosi swala, leo unakwenda kuwauliza watoto wa watu wanalewaje?"

"Naenda kuuliza, siendi kufundisha," alimjibu, akajitanda ushungi na kuondoka.

Semina ilifanyika Nachingwea mjini. Msimamizi wao, kijana mpole aitwaye Saadi, alieleza kwamba wanaotafutwa ni vijana wa miaka kumi na mitano hadi ishirini na minne, na kwamba anayefikisha vinywaji sita kwa kikao kimoja ahesabiwe mnywaji wa kupindukia. "Na kumbukeni," akamalizia, "tunapima kwa kata."

Wanasemina wengine wakaelewa: Kata ya Kiegei, Kata ya Malolo, na nyinginezo. Mwamina naye akaitikia kwa kichwa. Akapita sokoni, akanunua kata nzuri ya kifuu cha nazi, yenye mpini mrefu.

Alipangiwa Malolo, upande wa Ruangwa, msimu wa mabibo umepamba moto na uraka, pombe ya mabibo hayo, umejaa kila pembe. Kijana wa kwanza kuhojiwa aliitwa Dickson. Mwamina akasoma kwenye kishikwambi: "Katika kikao kimoja, unakunywa vinywaji vingapi?"

"Kikaoni hatunywi, mama," Dickson akajibu kwa adabu. "Mwenyekiti anatufukuza."

"Nje ya kikao je?"

"Kimoja."

"Kimoja nini?"

"Ndoo. Lakini tunakuwa wengi."

"Wangapi?"

"Inategemea tunaanza au tunamaliza."

Mwamina akaona maneno matupu hayatamfikisha popote. Akamwendea Tabitha, rafiki yake wa siku nyingi aliyeishi hapo Malolo, akaazima ndoo, akaijaza maji ya kisima na kuiweka uwanjani. Kila kijana akapewa kata aonyeshe kipimo chake cha kawaida. Wakajipanga bila kusukumana. Stefano, fundi baiskeli, alionyesha kwa moyo wote. Alikunywa kata baada ya kata, akafuta midomo, akakaa chini na kuanza kulia.

"Mwanangu, hayo ni maji," Mwamina akamwambia.

"Najua, mama. Ila nikifika hapa huwa nalia."

Wenzake wakaimba kumbembeleza. Ndipo akatokea mgambo, kijana mrefu aitwaye Ramadhani, rungu mkononi. Akatazama ndoo, kata, waimbaji na mtu anayelia.

"Shikamoo, mama," akasema. "Uko chini ya ulinzi."

"Marahaba. Kwa kosa gani?"

"Kuuza pombe saa za kazi."

Katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, bwana Hemedy aliinamia ile ndoo akainusa. Tabitha alikuwa mpika uraka maarufu, jambo ambalo Mwamina alilijua, ila hakufikiria kwamba ndoo nayo hukumbuka.

"Inanuka uraka," Hemedy akasema.

"Ni ya kuazima."

"Na yule anayelia?"

"Amekunywa maji."

Hata Mwamina mwenyewe alisikia jinsi jibu lile lilivyokaa vibaya. Akampigia Saadi simu; hakupatikana. Hemedy akamnyooshea kidole Ramadhani. "Kama wewe ni mtafiti kweli, mhoji huyu nikuone. Ana miaka ishirini na miwili."

"Anafaa," Mwamina akasema. "Lakini mahojiano ni siri. Tafadhali utupishe."

"Nikupishe ofisini kwangu? Na wewe ni mtuhumiwa?"

"Ndiyo utaratibu, mtendaji."

Hemedy aliheshimu sana neno utaratibu. Akatoka, akasimama juani akiwa amekunja uso.

Ramadhani akaweka rungu chini. Mwanzoni alijibu kikakamavu, kisha sauti ikashuka. "Pombe ikikamatwa lazima iteketezwe, mama. Mteketezaji ni mimi."

"Kwa moto?"

Ramadhani akashika tumbo lake, akatazama sakafu.

Mwamina akampa kata aonyeshe kiasi. Kijana akachota hewa, akamimina hewa, akachota tena, midomo ikihesabu. Katikati akaacha, akabaki ameishika kata kama kitu kizito. "Sijawahi kuihesabu," akasema.

"Mama yako anajua?" Swali hilo halikuwemo kwenye kishikwambi. Lilimtoka tu, kwa kuwa kijana yule alilingana na kitinda mimba wake. Ramadhani akatikisa kichwa.

Hemedy aliporudi akauliza, "Amesemaje?"

"Siri."

"Mama, nitakuweka ndani!"

Ramadhani akasimama wima. "Mtendaji, mimi nathibitisha. Huyu ni mtafiti wa kweli kabisa." Kisha akampigia Mwamina saluti.

Saadi alifika jioni kwa pikipiki, akapitia majibu, akashika kichwa. "Mama Mwamina, kata ni Malolo! Malolo yenyewe!"

Ikabidi warudie kazi yote kwa picha za chupa na glasi. Mwamina alizunguka upya, amefedheheka kidogo, lakini milango ilifunguka haraka kuliko mwanzo. Stefano alipofikia picha ya chupa ya sita, machozi yakaanza kumlengalenga.

Baada ya mavuno ya korosho, Ramadhani alimfuata Ruponda, bila sare. Mwamina alikuwa akipepeta mtama. Akamwambia utafiti umefungwa.

"Sikuja kwa utafiti," akasema. "Juzi nilikamata ndoo nzima. Nikaimwaga chini, mbele ya watu."

"Vizuri, mwanangu."

"Ila kuku wa mtendaji wakainywa. Jogoo akalala katikati ya barabara, pikipiki zikawa zinamzunguka. Kuku mwingine akapanda juu ya paa la ofisi, akashindwa kushuka."

Mwamina akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Alipotulia akamwangalia vizuri usoni. "Na wewe?"

"Mimi nilikaa nikiwalinda," Ramadhani akasema, "mpaka walipoanza kutembea."