Wasifu wa Baba Mkubwa Uliobaki Kwenye Disketi

Mkitaka kucheka chekeni, maana mimi mwenyewe nikikumbuka msiba wa Baba Mkubwa Anselmi masikio bado yananiwaka.

Wakati ule nilikuwa na chumba cha kuchapa barua pale Majengo, na kompyuta ya mtumba niliyoipenda kupita kiasi. Fundi alishanionya, "Hii programu wenyewe walioitengeneza wameshaitelekeza, kompyuta mpya hazifungui mafaili yake, hamisha mapema." Nikamwambia ana wivu.

Baba Mkubwa alipofariki, binti yake, Dada Felista, aliyemwogesha na kumlisha miaka yote aliyolala kitandani, aliandika wasifu kwa mkono, kurasa tatu za daftari, akanipa niuchape na kuusoma kaburini (msomi wa ukoo si ndiyo mimi). Nikachapa, nikaweka kwenye disketi, na zile karatasi nikawashia jiko la mkaa. Utepe wa printa ulikuwa umekwisha, nikasema nitatolea nakala kwenye ofisi ya uchapaji pale mji wa Mkuu asubuhi, kabla ya misa ya maziko.

Dada wa ofisi ile ya uchapaji akaiingiza disketi kwenye kompyuta yake mpya, kioo kikajaa vijisanduku na alama nisizozijua. Nikaitoa, nikaipuliza, nikaifuta kwa shati, jasho linanitoka na baridi yote ile ya mlimani. "Ya zamani sana hii, kaka, hapa haifunguki," akasema, na kengele ya misa ikaanza kulia.

Basi nikasimama kaburini, watu wamejaa mpaka ndani ya migomba, mikononi nina karatasi nyeupe (ndiyo, tupu kabisa) najifanya nasoma. Mwaka wa kuzaliwa nikapatia, ubatizo nikabuni, watoto nikawataja, wawili wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza, nikamalizia, "Ameacha watoto wanne."

Dada Felista alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, ameshika msalaba.

"Na mimi nilikuwa nani hapa?" akauliza taratibu.

Shangazi akachungulia begani kwangu. "Mbona karatasi yenyewe haina kitu?"

Nilitamani wanifukie na marehemu.

Kesho yake nikamwendea Dada Felista na jani la isale kuomba radhi, kama mkosaji anavyopaswa kwetu, na jani hilo likishaletwa halikataliwi. Dada akalipokea, akaingia ndani, akarudi na daftari na kalamu.

"Andika tena, Deo. Kwa mkono. Anza na mimi."

Nikaandika huku nalia. Tangu siku ile karatasi ya mtu siwashii jiko, hata iwe ya kufungia sukari.